Maswali ya Jikoni: Sosi ya saladi yenye ladha, isiyoumiza mwili

Barua tulizopokea mwezi huu zimefanana kwa namna iliyonigusa. Karibu kila mmoja wenu ameamua, au ameshauriwa na daktari, kuongeza mboga mbichi kwenye sahani yake, na karibu kila mmoja amekwama mahali pamoja: mboga zipo, nia ipo, lakini kile kinachomiminwa juu yake ama kimejaa mafuta, chumvi na sukari, ama ni chapwa kiasi kwamba bakuli hurudi jikoni likiwa halijaguswa. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu jibu lake linabeba sehemu ya majibu ya zile zinazofuata.

*Shikamoo, Shangazi. Mume wangu ana umri wa miaka 52, na kliniki wamemwambia ana shinikizo la damu. Ameshauriwa apunguze chumvi na mafuta na ale mboga mbichi kwa wingi. Zamani saladi yetu ilikuwa ya majani, karoti na tango, nikichanganya mayonezi na tomato sosi, na watoto waliimaliza. Siku hizi nakamulia ndimu peke yake. Yeye huila kwa kujilazimisha, na watoto hawaigusi kabisa. Je, ipo sosi iliyo salama kwake na bado ikawa na ladha? — Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguliwa. Kwanza nikuambie kwamba mumeo hadeki anaposema saladi hiyo haipiti kooni. Mayonezi na tomato sosi ulizokuwa ukichanganya zilikuwa zinaupa ulimi vitu vinne kwa mpigo, yaani ulaini wa mafuta, chumvi, utamu wa sukari na uchachu wa siki. Ulipoviondoa na kuweka ndimu tupu, ulibakiza uchachu peke yake, na uchachu usio na cha kuusindikiza huwa ni adhabu. Kazi iliyo mbele yako ni kuvirudisha vile vitu vinne, kila kimoja kwa kipimo kidogo na kutoka kwenye chanzo kilicho bora kuliko cha awali.

Tuanze na mafuta, ambayo wengi huyafukuza kabisa, nami siafiki. Karoti na majani ya kijani yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini karotini haiyeyuki katika maji, na utumbo huhitaji mafuta kidogo ili uifyonze vizuri. Mtu anayekula karoti mbichi kwa ndimu tupu hupoteza sehemu kubwa ya kile alichokuwa akikitafuta. La kuangalia ni kipimo. Kijiko cha chakula cha mayonezi ya kawaida kina takriban gramu 10 za mafuta, ilhali kijiko hicho hicho cha mafuta ya alizeti au ya zeituni kina takriban gramu 14, kwa kuwa hayo ni mafuta matupu yasiyochanganywa na kitu. Ni nadra kumwona mtu akimimina vijiko vitano vya mafuta ya alizeti juu ya saladi, lakini mayonezi huchotwa bila kuhesabiwa, tena huja pamoja na chumvi iliyokwisha kutiwa kiwandani. Kwa bakuli la watu sita, vijiko viwili vya chakula vya mafuta vinatosha kabisa, na kila mmoja atapata chini ya gramu 5. Alizeti ya Singida au Dodoma inafaa sana. Zeituni ni nzuri pia kwa anayemudu bei yake. Mafuta ya nazi nayapenda kwenye samaki, lakini kwa saladi ya mumeo sikushauri, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 yake ni ile aina ya mafuta yanayoganda, ambayo wenye matatizo ya moyo na mishipa hushauriwa kuipunguza, na juu ya tango lililotoka kwenye friji yatagandia kwenye bakuli.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi ya mkate, ya mchuzi na ya kila kitu kingine alichokula tangu asubuhi. Hapa uchachu ni msaada mkubwa kwako, kwa kuwa chumvi kidogo iliyo pamoja na ndimu au ukwaju huhisiwa kuwa nyingi kuliko ilivyo. Lakini lazima iyeyuke. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ukiitia baada ya mafuta, chembe zake zitazama chini ya bakuli, walaji wa kwanza watalalamika kwamba haijakolea, utaongeza nyingine, na atakayechota mwisho ataila yote. Itie kwanza kwenye maji ya ndimu au ya ukwaju, ukoroge, na mafuta yafuate baadaye.

Sasa nikupe sosi yenyewe, ambayo nimeifanya mara nyingi kwa wageni wasioambiwa kwamba ni chakula cha mgonjwa. Chukua ukwaju uliotolewa kokwa, kiasi cha ukubwa wa ndimu moja, uuloweke kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa robo saa. Uvuruge kwa vidole hadi maji yawe mazito kama uji mwepesi, kisha uyachuje kwa chujio la chai ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Ile nyama nzito inayogoma kupita na kuning'inia chini ya chujio ndiyo yenye ladha, ikwangue yote. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, utie nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, na usiondoke hapo. Mwanzoni hutaona kitu; kisha punje hubadilika rangi, moja mbili huruka, na harufu hutoka ghafla na kujaa jikoni. Wakati huo huo zimimine kwenye kinu, kwa sababu sekunde chache zaidi zitazigeuza kuwa chungu. Zitwange pamoja na punje moja ya kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na tende moja laini iliyotolewa kokwa. Changanya na ukwaju wako, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, koroga hadi iyeyuke, kisha malizia kwa vile vijiko viwili vya mafuta. Mimina vyote kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana na uitikise kwa nguvu. Nyama ya ukwaju na ya tende huyashika mafuta yasijitenge upesi, hivyo utapata sosi nzito, ya rangi ya hudhurungi, inayong'aa kidogo, ambayo hulishika jani badala ya kuchuruzika.

Piga hesabu uone ulichofanya. Chumvi yote iliyomo ni kama gramu moja na nusu, na ikigawanywa kwa watu sita ni takriban robo gramu kwa kila mmoja. Sukari iliyomo ni ile ya tende moja pamoja na ya ukwaju wenyewe. Ladha iliyobaki imetoka kwenye bizari, saumu na tangawizi, na hivi havimpandishii mtu shinikizo.

Kuna mambo mawili madogo ambayo huharibu saladi hata sosi ikiwa nzuri. La kwanza ni maji. Majani yaliyooshwa na kutiwa bakulini yakiwa bado yanadondoka huikataa sosi, kwa kuwa mafuta hayashiki penye maji, na kile unachokiona chini ya bakuli mwisho wa mlo ni sosi yako iliyozimuliwa. Yatikise, yatandaze kwenye kitambaa safi, uyafunike kwa kitambaa kingine na uyakandamize taratibu. La pili ni namna ya kuonja. Sosi ikionjwa kwa kijiko siku zote huonekana kali, na mpishi huongeza sukari au mafuta bila sababu. Chovya jani moja au kipande cha tango, kitafune, ndipo uamue.

Kwa watoto wako, ambao ukwaju unaweza kuwachukua muda kuuzoea, jaribu chungwa, na kwako uliye Tanga machungwa ya Muheza hayako mbali. Wafaransa wana kanuni yao ya zamani ya vipimo vitatu vya mafuta kwa kimoja cha siki, na sababu yake ni kwamba siki ni kali na inahitaji mafuta mengi kuipoza. Maji ya chungwa si makali hivyo. Chukua vijiko vitatu vya maji ya chungwa, kimoja cha maji ya ndimu, viwili vya mafuta, kijiko cha chai cha haradali na chumvi kidogo sana, na chupa hiyo hiyo itikiswe. Haradali hufanya kazi ya kuyaunganisha mafuta na maji, na inawasha kidogo tu, kiasi ambacho mtoto hukifurahia.

Nina angalizo moja kabla sijakuacha. Baadhi ya watu wenye shinikizo la damu wana matatizo ya figo pia, na wapo ambao wameambiwa wapunguze vyakula vyenye potasiamu. Ukwaju una potasiamu nyingi, na parachichi vilevile. Kama mumeo amewahi kupewa katazo hilo, muulize daktari wake kwanza, na mpaka hapo tumia ndimu au siki kidogo kidogo.

*Ndugu Shangazi, mimi ni mtu wa ofisini na sina muda wa kutwanga. Dukani kuna sosi nyingi za saladi za chupa, na nyingine zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina mafuta. Je, hizo ndizo bora? Nitajuaje chupa nzuri? — Msomaji, Nairobi*

Sikulaumu kwa kukosa muda, ila nakuomba usiamini herufi kubwa. Maandishi ya mbele ya chupa ni ya muuzaji; ya kwako yako nyuma, kwa herufi ndogo, na ndiyo yanayopaswa kukusimamisha pale dukani kwa dakika moja.

Viungo vya chakula cha kiwandani huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi zaidi kikitangulia. Ukikuta sukari ni ya pili au ya tatu, hiyo ni sosi tamu, hata kama picha yake ni ya majani mabichi. Hapo ndipo sosi nyingi zisizo na mafuta huangukia, kwa sababu mafuta yakiondolewa sosi hupoteza uzito na ladha, na mara nyingi mtengenezaji huziba pengo hilo kwa sukari, wanga na chumvi. Kisha tafuta mstari wa sodiamu. Kiasi cha sodiamu kikizidishwa kwa 2.5 hutoa kiasi cha chumvi, kwa hiyo miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu moja ya chumvi. Angalia pia kipimo hicho kimeandikwa kwa kiasi gani cha sosi. Ikiwa ni kwa kijiko kimoja cha chakula, nawe hutumia vitatu, basi zidisha kwa tatu.

Sosi ya dukani ninayoweza kuikubali ni ile inayoanza na mafuta ya mimea, siki au maji, ambayo viungo vyake unavitambua jikoni kwako, na ambayo utaitumia kwa kuihesabu. Ukiipata, unaweza kuipunguza makali: mimina nusu ya kiasi ulichozoea, ongeza maji ya ndimu na kijiko cha mtindi usiotiwa sukari, ukoroge. Huo si upishi wa kukuchelewesha kazini.

Lakini niruhusu nikushawishi kidogo. Ile sosi ya chungwa na haradali niliyomwelekeza mwenzako wa Tanga haihitaji kinu wala moto. Ukiitengeneza Jumapili jioni na kuiweka kwenye friji itakufikisha Jumatano.

*Shikamoo, Shangazi. Watoto wangu hawali saladi mpaka iwe na kitu kizito na cheupe kama mayonezi. Nimejaribu kutengeneza mayonezi ya nyumbani kwa mayai na mafuta, lakini jirani amenitisha kuhusu mayai mabichi. Nifanye nini? — Mama wa watoto watatu, Mombasa*

Marahaba, mama. Jirani yako amekushauri vyema. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na wanaoumia zaidi vinapoingia tumboni ni watoto wadogo, wazee, wajawazito na wagonjwa. Mayonezi ya viwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, jambo ambalo si rahisi kulifanya nyumbani kwa uhakika. Tuyaache mayai.

Uzito huo watoto wanaoupenda unapatikana kwa njia tatu, na kwa maoni yangu iliyo bora kuliko zote ni mtindi. Chukua mtindi mzito usio na sukari, uufunge kwenye kitambaa safi chepesi, uuning'inize juu ya bakuli ndani ya friji kwa saa mbili. Maji yatachuruzika na utabaki na kitu kinachosimama kwenye kijiko. Koroga humo nusu punje ya kitunguu saumu iliyopondwa hadi ikawa kama ugoro wa maji, maji ya nusu ndimu, majani machache ya nanaa yaliyokatwa vyembamba, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ukipenda, kuna tango unaloweza kulikuna na kulikamua maji kabla ya kulitia. Wenzetu wenye asili ya Kihindi hapo Mombasa wanayo raita yao iliyo karibu na hii, na wamekuwa wakiila na pilau na biriani kwa vizazi. Mtindi wa maziwa yasiyotolewa mafuta una gramu 3 hadi 4 tu za mafuta katika gramu 100, kwa hiyo hata mtoto akichota vijiko vitatu hujapoteza kitu, na amepata protini na kalisi juu yake.

Njia ya pili ni korosho. Loweka nusu kikombe cha korosho mbichi zisizo na chumvi kwenye maji ya moto kwa nusu saa, uyamwage maji hayo, kisha uzisage kwenye blenda pamoja na nusu kikombe cha maji safi, maji ya ndimu moja, saumu na chumvi kidogo. Acha blenda ifanye kazi kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika, kwa kuwa dakika ya mwisho ndiyo inayoondoa chengachenga na kuleta ulaini. Hii ni nzuri mno, nyeupe, na mtoto aliyezoea mayonezi hataiuliza maswali. Hata hivyo si nyepesi. Kwa watu wanane kila mmoja atapata takriban gramu 4 za mafuta, na ukiigawa kwa watu watatu umekwisha kurudi kulekule ulikotoka. Tena, kama nyumbani kuna mtoto mwenye mzio wa njugu au karanga, korosho zisiingie jikoni mpaka daktari aruhusu.

Parachichi ni la tatu. Liwe limeiva sawasawa, lipondwe na nusu kikombe cha mtindi, maji ya ndimu na kotmiri, ambayo ninyi wa Kenya mnaiita dania. Litengeneze muda ule ule wa kula. Ndimu huchelewesha kusawijika kwake lakini haizuii, na mtoto akiliona limekuwa la rangi ya kahawia hatalipa nafasi ya pili.

*Shangazi, nina sukari, yaani kisukari. Rafiki ameniambia asali haina madhara kwenye sosi ya saladi kwa sababu ni ya asili. Je, ni kweli? — Msomaji, Mwanza*

Hapana, ndugu yangu. Asali ni chakula kizuri chenye harufu isiyo na mfano, lakini kwa mwili wako ni sukari, na hata Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari nyingine zinazopaswa kupunguzwa. Kijiko cha chai cha asali hubeba takriban gramu 6 za sukari, wakati kijiko kama hicho cha sukari nyeupe hubeba takriban gramu 4, kwa kuwa asali ni nzito zaidi. Ukitia kijiko kimoja cha chai kwenye sosi ya watu sita umebaki na gramu moja kwa mtu, na hilo ni dogo. Tatizo ni ile asali inayomiminwa kwa macho.

Kwako ningependekeza utamu utoke kwenye mboga zenyewe. Kitunguu kikubwa kilichochomwa kwenye makaa pamoja na maganda yake hadi kikalainika hugeuka kuwa kitamu ajabu. Kimenye, ukiponde, uchanganye na siki, mafuta kidogo na pilipili manga. Karoti iliyokunwa vyembamba na bitiruti iliyochemshwa hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya saladi. Na kama nyumbani kuna mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, asipewe asali kwa namna yoyote, hata ya kuonja, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda.

*Shikamoo, Shangazi. Dada yangu anayeishi Muscat ameniletea mitungi miwili ya tahini na chupa ya rojo ya komamanga. Kwenye homasi nimeizoea tahini, lakini huko wanaitia hata kwenye saladi. Je, ni nzuri kwa afya, na nitaitumiaje hapa Unguja? — Msomaji, Mji Mkongwe*

Marahaba. Mshukuru dada yako, amekuletea kitu cha thamani, ingawa malighafi yake tunayo tele: tahini ni ufuta uliosagwa, na Lindi na Mtwara wanalima ufuta mwingi. Ni mafuta kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, lakini mengi ni ya ile aina isiyoganda, na pamoja nayo unapata protini, madini ya chuma na kalisi. Kwa hiyo ukitumia tahini, usiongeze mafuta mengine.

Kuna jambo litakalokushtua mara ya kwanza, nami nataka ulijue mapema usije ukamwaga chakula. Utakapotia maji ya ndimu kwenye tahini na kukoroga, itaganda na kuwa ngumu kama udongo wa mfinyanzi, na utadhani imeharibika. Endelea tu. Ongeza maji ya baridi kijiko kimoja baada ya kingine, huku ukikoroga, na baada ya kijiko cha tatu au cha nne italegea ghafla, itakuwa nyeupe na laini kama maziwa mazito. Vijiko vitatu vya tahini, maji ya ndimu moja, maji ya kawaida, saumu na chumvi kidogo vinatosha bakuli la watu sita, na sosi hiyo inakwenda vizuri hasa na kabichi iliyokatwa vyembamba, bilingani za kuchoma na dengu za kuchemsha. Rojo ya komamanga itumie kwa matone, mwishoni, juu ya saladi iliyokwisha kuchanganywa. Hiyo ni maji ya tunda yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, kwa hiyo sukari yake nayo imekolea, na nyingine huongezwa sukari zaidi, soma chupa.

*Ndugu Shangazi, nikitengeneza sosi yangu naweza kuiweka kwa siku ngapi? Na huku kwetu umeme ukikatika nifanyeje? Halafu swali la pili: je, kachumbari nayo inahitaji sosi? — Msomaji, Dar es Salaam*

Sosi za ndimu, chungwa, siki au ukwaju zisizo na maziwa wala saumu mbichi hukaa kwenye friji hadi siku tano, na zenye mtindi, korosho au tahini zisizidi siku tatu. Zenye saumu mbichi ziishe ndani ya siku tatu au nne, na hapo nataka kutua kidogo, kwa sababu nimeona watu wakifanya kosa moja la hatari kwa nia njema kabisa. Wanamenya vitunguu saumu, wanavitumbukiza kwenye chupa ya mafuta na kuiacha kabatini kwa wiki kadhaa ili mafuta yapate harufu. Saumu hutoka ardhini na inaweza kubeba vijidudu vinavyopenda mahali pasipo hewa na pasipo uchachu, na ndani ya mafuta ndipo penyewe. Sumu yake haibadilishi harufu wala ladha, na inaweza kupooza mwili hadi pumzi. Mafuta yenye saumu yatengenezwe kidogo, yakae kwenye friji, na yatumike ndani ya siku nne. Yakipita hapo, yamwagwe bila huruma.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hubaki na ubaridi kwa takriban saa nne. Ukizidi hapo, sosi zenye maziwa zitupe. Mezani, kwenye joto la Dar es Salaam linapopita nyuzi 32, sosi ya mtindi isikae nje zaidi ya saa moja. Kwa nyumba ambayo umeme wake hauaminiki nashauri kutengeneza sosi ya mlo mmoja tu, na kumbe ndivyo walivyofanya bibi zetu, waliokamua ndimu watu wakiwa wamekwisha kunawa.

Kuhusu kachumbari, hapana, haihitaji. Kachumbari hujitengenezea sosi yake yenyewe, na kwangu hiyo ndiyo iliyo bora kuliko nyingi nilizozitaja juu. Kata vitunguu vyembamba, uvifikiche kwa chumvi kidogo, uvioshe kwa maji mengi na uvikamue, hapo ukali umeondoka na sehemu kubwa ya ile chumvi imekwenda na maji. Tia nyanya zilizoiva lakini bado ngumu, pilipili mbuzi kama unaipenda, kotmiri, maji ya ndimu na chumvi ya kubana kwa vidole. Acha dakika kumi. Chumvi na ndimu zitavuta maji ya nyanya, na chini ya bakuli patakuwa na mchuzi mwekundu, mchachu, wenye utamu wa nyanya na harufu ya kotmiri. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa bakuli zima, au vipande vya parachichi, ili mwili ufaidi nyanya hizo vizuri. Mchuzi huo usiumwage. Umimine juu ya maharage au samaki wa kuchoma, na hutahitaji kunyunyiza chumvi nyingine mezani.